Baiskeli Iliyokalishwa Eda

Kambarage, Shinyanga

Mwanangu Zaituni,

Salamu sikuletei, maana tumeamkiana asubuhi, tukajuliana hali mchana, na hadi sasa nakusikia upande wa pili wa ukuta ukikunja nguo na kuzikunjua. Hali yangu unaijua. Nipo pale pale uliponiacha, juu ya mkeka, na nguo zangu nyeupe, na joto la bati linanikaanga taratibu. Usishangae mama wa nyumba moja nawe kukuandikia barua. Kuna maneno nikiyatoa kwa mdomo yanapinda njiani, na jana umeona yalivyopinda.

Nayarudia ya jana ili tusije tukaelewana vibaya mara ya pili. Baba yako mdogo Shabani alikuja akakaa nje ya pazia langu, kwa kuwa yeye ni shemeji yangu na mjane aliye edani haonani na shemeji. Tangu tumzike baba yako hajarudi kwake Tabora. Anasema nyumba haiwezi kubaki bila mwanamume. Si mtu mbaya. Anatupenda, ila mapenzi yake yana kufuli.

"Shemeji," alisema, "mtoto anataka kuondoka keshokutwa. Wewe uko edani. Nani atakuwekea maji? Nani atapokea wageni? Na watu watasema nini wakimwona binti wa marehemu anakwenda kutembea porini na baiskeli?"

"Siendi kutembea, baba," ukamjibu. "Nimepangiwa shule huko Geita. Tunapita njia ya porini mimi na Nyanzobe na walimu wenzetu, tulale kwenye vijiji vya zamani, tuandike nyimbo na hadithi za wazee kabla hawajaisha. Nikichelewa shuleni nafasi yangu atapewa mwingine."

"Nyanzobe hajafiwa na baba. Eda ya mama yako ikiisha, tutaona."

Hapo ukageukia pazia ukaniuliza, "Mama, unasemaje?"

Nami nikasema, "Nenda tu, mwanangu. Mimi Mungu yupo." Nikashusha pumzi ndefu.

Ukasema, "Basi nitabaki." Shabani akamshukuru Mungu kwa sauti, akaikokota baiskeli yako hadi kwenye pazia langu, akasema, "Ikae kwako shemeji, hapo itakuwa salama." Ikalala imeegemea ukuta karibu na mto wangu. Tukakalishwa eda sote wawili, mimi na yeye. Usiku kucha nimenusa mafuta ya mnyororo wake.

Sasa nikwambie jambo ambalo nisingeliweza kukuambia uso kwa uso. Uliposema utabaki, nilifurahi. Nilifurahi kwanza, aibu ikaja baadaye sana, nilipokuwa nimelala naitazama hiyo baiskeli, nikakumbuka sauti ile niliyoitumia niliitoa wapi. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi yako Mwanne.

Hujawahi kuniuliza nilijuaje kuziba pancha. Ulipokuwa mdogo nilikuzibia, ukadhani akina mama wote wanajua. Nilifundishwa na baba yako. Nchi ilikuwa imepata uhuru majuzi tu, nami nilikuwa mke mpya katika nyumba hii hii. Baba yako alikuwa anatembeza khanga na vitenge vijijini kwa baiskeli, na kila akirudi alikuwa na habari za kunisimulia hadi nikaona wivu, si wa wanawake, wa njia. Nikamwambia, "Nifundishe nami." Alicheka, lakini jioni akanipeleka njia ya Didia, nimevaa suruali yake ndani ya gauni. Nilitumbukia kwenye majaruba ya mpunga nikatoka na tope hadi masikioni, na watoto wa Kisukuma wakatufuata wanaimba. Bibi yako aliponiona naingia uani vile, akasema mwanawe ameoa mwendawazimu. Na mimi nilikuwa najiona malkia.

Safari yenyewe tuliifanya kiangazi kile kile. Baba yako aliazima baiskeli ya pili kwa rafiki yake, ambaye baadaye alituuzia. Tukapita Didia, tukafika Tinde, fundi akatukazia spoku, tukanywa chai, kisha tukaiacha njia kuu ya udongo mwekundu waliyozoea wenye magari, tukaelekea machweo. Kuna mbuga huko, udongo wake mweusi, kikidondoka kimvua kidogo tu unajaa kwenye madigadi na gurudumu haligeuki. Tuliwahi kuzibeba baiskeli mabegani asubuhi nzima. Baba yako akaniuliza kama najuta. Nikamwambia ninajuta kuolewa naye siku nyingi bila kujua ana mabega ya namna hiyo. Usione haya kusoma, nilikuwa kijana.

Kisha msitu. Zaituni, mimi mtoto wa mjini, sikuwa najua kwamba miti inaweza kuendelea kiasi kile. Mtakapoufikia mtakuta kituo cha mbung'o, wale nzi wa malale, kama bado kipo. Kila mtu anayepita anasimamishwa, anakaguliwa mgongoni na kwenye baiskeli kwa kiwavu kidogo, ili asije akasafirisha mbung'o kwenda kwenye ng'ombe wa watu. Mzee wa pale alinizunguka na wavu wake mara mbili.

"Mama, hii umeiendesha mwenyewe?"

"Nimeiendesha."

"Na mwanamume wako yuko wapi?"

"Anakuja nyuma. Amechoka."

Alicheka hadi wavu ukamdondoka. Baba yako alipofika akapewa pole na mtu asiyemjua, na hadi jioni hakuniuliza kwa nini.

Huko ndani, katika nchi ya Wasumbwa, tulilala kwenye kijiji cha mtemi wa zamani. Serikali ilikuwa imeshafuta utemi, lakini ua wa minyaa ulikuwa umesimama, mrefu kuliko mtu, na katikati nyumba ya ngoma. Ngoma zenyewe zilikuwa zimelazwa ndani, zimefunikwa, na zilikuwa na mtu wake wa kuzitunza, bibi mmoja mzee aliyekuwa bado anafagia mlango wake kila asubuhi. Alituchotea asali kwenye kibuyu, akatupa viazi vikavu vya kuchemsha, akakaa kutuhoji.

"Mnakwenda msibani?"

"Hapana bibi."

"Mmefuata dhahabu basi."

"Hapana. Tunauza vitenge."

"Mbona tangu mfike hamjafungua mzigo?"

Baba yako akanitazama, nikajibu mimi, "Leo tunatazama tu, bibi. Kijiji chako kizuri."

Yule bibi aliita wajukuu zake wote. Akawaambia wamepata wageni waliotoka mbali kuja kutazama tu, na akataka tuonyeshwe kila kitu: mizinga ya nyuki juu ya miti, kisima, mahali mtemi alipokuwa akikaa kuamua kesi, kaburi la mama yake mtemi. Tulionyeshwa hadi mbwa. Sijawahi kupokelewa vile, wala kabla wala baada.

Siku chache mbele tuliteremkia bonde la mto. Ng'ambo vilionekana vilima vya Geita. Tulikuwa tumekaa ukingoni tunaosha miguu, tunabishana kama tuvuke jioni ile au asubuhi, ndipo lori la pamba likasimama nyuma yetu. Dereva alikuwa ametumwa kututafuta. Alisema hakupata taabu, kila alipoulizia mwanamke anayeendesha baiskeli watu walimwonyesha kidole. Akamshika baba yako mkono. Babu yako alikuwa amefariki, na maziko yalikuwa yameshapita.

Tulipakia baiskeli juu ya marobota tukarudi. Bibi yako Mwanne akaingia edani, katika chumba hiki nilichomo. Mimi ndiye niliyekaa naye. Nilimwekea maji, nikampikia, nikapokea wageni, na niliyafanya kwa moyo mweupe, nisijisingizie ubaya ambao sikuwa nao. Hata kabla eda haijaisha baba yako alitaka tupange safari upya. Tukaenda kumwuliza mama yake pamoja, tumepiga magoti mlangoni. Akasema, "Nendeni tu, wanangu. Mimi Mungu yupo." Akashusha pumzi.

Tukaahirisha.

Eda ikaisha. Tulimwosha, tukamvisha nguo mpya, tukapika pilau, watu wakaja kumtoa. Kesho yake nikamkuta amerudi kukaa pale pale kwenye mkeka wake, ananisubiri nimletee chai. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amezoea kuletewa, nami nilikuwa nimezoea kuleta, na kati yetu sisi wawili hakuna aliyejua namna ya kuacha. Ikaja mimba yako. Ukaja wewe. Baiskeli yangu ikafungwa madebe ya maji, moja kila upande, ikawa inakokotwa kwenda bombani na kurudi. Aliishi miaka mingi bibi yako, Mungu amrehemu, na hakunizuia hata siku moja. Mlango ulikuwa wazi, na kwa sababu ulikuwa wazi nilichelewa kutambua kwamba siwezi kutoka.

Sikuandiki haya ili umlaumu. Wala kosa langu halikuwa kubaki. Wapo wanaobaki wakachanua. Kosa langu ni kwamba nilibaki, kisha nikawadai wengine. Nilimdai baba yako. Alikuwa akirudi kutoka safari zake, anaweka mzigo chini, anavua viatu, anaanza, "Mama Zaituni, leo nimepita mahali..." Nami namkata, "Usinisimulie. Wewe una miguu." Alijaribu mwaka wa kwanza, akajaribu na wa pili. Mwishoni akawa anarudi anasema njia ilikuwa nzuri, anakula, analala. Na wewe pia nilikudai. Unakumbuka ulivyorudi na wenzako wa shule kutoka kutembezwa mgodini Mwadui, umejaa maneno hadi yanamwagika? Nilikwambia sufuria hazijaoshwa. Uliosha. Niliuona mgongo wako ukiosha nikajua nimefanya nini, na sikukuita.

Sasa baba yako hayupo. Nalala hapa najaribu kuimaliza ile safari kichwani, na kila nikifika ukingoni mwa ule mto nasimama. Sijui ng'ambo kukoje. Yeye alikuja kuvuka baadaye, peke yake, zaidi ya mara moja, na alitaka kunieleza. Nilimfunga mdomo mwenyewe. Hilo ndilo linaloniliza, mwanangu, kuliko hata kifo chake, na wageni wanaokuja kunipa pole hawajui wananipa pole ya nini.

Ndiyo maana sauti ile ya jana ilinitisha. Nilidhani nimeizika na mwenyewe. Kumbe ilikuwa imekaa kwangu inangoja nifiwe. Na wewe ukaisikia, ukafanya vile vile nilivyofanya mimi, kwa upole ule ule, na nikakuona miaka ishirini mbele umekaa kwenye mkeka huu unamwambia mwanao Mungu yupo. Shabani ana nia ya kukuposea, nadhani umeshanusa. Yupo kijana wa huko Tabora, mwenye duka, mtulivu, hana ubaya wowote. Eda yangu ikiisha posa italetwa, na utakubali, kwa sababu utakuwa umeshajifunza kukubali.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kufunga mizigo, ya kutolala njaa, sikuandikii. Una akili na una Nyanzobe. Nakuomba moja tu katika vijiji hivyo. Vingi mtavikuta mahame, maana watu walihamishwa wakapelekwa kwenye vijiji vipya vya barabarani, na mtakuta ua wa minyaa umezunguka nyasi tupu. Msipite mbio kwa kuwa hakuna mtu. Shukeni, mtazame. Kama kuna mzee amebaki, au amerudi kwa siri kulima kwao, na akawauliza mmefuata nini, mwambieni ukweli. Usijifanye una shughuli kubwa. Nilivyoona mimi, watu husimulia vizuri zaidi kwa mtu asiyetaka kitu.

Huko Geita utakutana na wachimbaji wa kila kabila, wengine watakuapia kwamba duara lao, yaani shimo wanalochimba, litatema dhahabu wiki ijayo na wewe ndiwe mwenye bahati ya kuwaletea. Wacheke, uendelee na njia. Nimesema sitakuonya, na tayari nimeonya. Nisamehe, ni umama.

Sitaki uende. Niliandike wazi, usije ukadhani nimekuwa mtu mwingine kwa usiku mmoja. Naogopa mto, naogopa chui, naogopa homa, naogopa hiki chumba bila kusikia kikohozi chako nyuma ya ukuta. Nimebakiwa na wewe peke yako, na natamani ubaki. Lakini kutamani ni kwangu, usinibebee. Nenda Geita.

Na habari ya maji imekwisha. Leo mchana nilimwita jirani yetu Mama Kulwa dirishani nikamweleza. Unamjua asivyoweza kunong'ona.

"Mayu, mama yangu, maji ndiyo ya kumfungia mtoto wa watu?" akasema. "Mimi nina mapacha wawili hapa, wana mikono minne, wanashinda wanapigana. Watakuletea maji hadi uombe waache. Na wageni nitawapokea mimi, wakikaa sana nawafukuza."

Shabani alipokwenda msikitini kwa sala ya alasiri, Mama Kulwa akaingia kwa mlango wa uani, nami nikamkabidhi baiskeli. Nilikuwa nimeshaijaza upepo na kuufuta mnyororo. Iko kwake, nyuma ya jiko. Barua hii pia nitampa yeye dirishani, atakupa ukienda kuomba moto. Alfajiri, Shabani akitoka kwenda kusali, wewe toka kwa mlango wa uani. Nyanzobe ameshapewa habari, watakusubiri njia ya Didia.

Shabani atakasirika. Atakuja mbele ya pazia, atafoka, ataniuliza nimefanya nini. Nitamwambia nimefanya. Niko edani tayari, atanifanya nini zaidi? Atanizuia nisitoke?

Lililobaki ndilo gumu. Najua adabu inataka uje kwangu kabla ya kuondoka, upige magoti, uombe radhi. Radhi umeshaipata. Nakupa hapa, kwa mkono wangu, radhi ya mama isiyo na sharti, na ya baba yako naitoa kwa niaba yake, kwa kuwa nina hakika angeitoa kwa furaha na angekuuliza mtapitia wapi. Usiingie kuniaga. Najijua. Nikikuona umefunga kilemba cha safari nitakushika mikono, nitasema nenda tu mwanangu, nitashusha pumzi, na wewe kwa huruma yako utaweka mzigo chini.

Kwa hiyo kabla ya alfajiri nitakuwa nimetia komeo mlango wangu kwa ndani. Nitakuwa macho, nimesimama nyuma yake. Ukigonga, sitafungua.

Mama yako